Siku Sita Boudha: Bibi wa Ndui na Vibatari vya Samli

Siku ya kwanza, Jumatatu

Ndege ya kutoka Delhi haikumaliza saa mbili angani, lakini nilipotua Kathmandu saa yangu ya mkononi ilikuwa tayari imekosea. Nepal iko mbele ya India kwa dakika 15. Si saa moja, si nusu saa, ni robo! Kwetu Tanga mtu akikwambia "nakuja robo saa" unajua una muda wa kupika wali ukaiva. Hawa robo yao wameitia kwenye sheria ya nchi.

Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya chanjo Delhi, nikabakiwa na siku sita za likizo. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na kwa miaka mingi kazi yangu ni sindano, matone na kadi. Boudha, mtaa wa Kathmandu wenye stupa maarufu (jengo la ibada la Wabuddha), nimeijua kwa picha tu: kuba jeupe kubwa, na juu yake macho mawili ya kuchora yanayokutazama kama yanakudai.

Teksi ilinishusha barabara kuu, penye honi na vumbi la Aprili linalokaa kooni. Nikapita chini ya lango, hatua thelathini hivi, na kelele ikakatika. Mbele yangu kuba. Mita 36 kutoka chini hadi kileleni, imezungukwa na nyumba za ghorofa tatu nne, na katikati, baina ya nyumba na stupa, watu wanazunguka. Wazee wenye fimbo, vijana wenye simu, watawa wa joho jekundu, mbwa. Wote upande mmoja, kama maji yanayozunguka kwenye sufuria.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta mlango. Hakuna. Stupa haiingiwi. Huaminiwa kuwa ndani mna masalia ya Kassapa, Buddha wa zama zilizotangulia kabla ya huyu tunayemsikia, na yamefungiwa humo. Ibada yote iko nje, kwenye hewa, chini ya miguu.

Nyumba niliyofikia ni ya mama wa Kitibeti. Kila mtu humwita Ama-la. *Ama* ni mama, na hilo *la* ni heshima, kama shikamoo iliyobanwa kwenye silabi moja. Jioni nikatoka kununua maji, nikakunja kulia. Sikufika mbali. Bibi mmoja, kimo chake kifuani kwangu, akanishika kiwiko, akanigeuza kama anavyogeuzwa mtoto aliyevaa kanzu nyuma mbele, akaendelea na tasbihi yake. Stupa inatakiwa iwe mkono wako wa kulia. Mimi mwili wangu umelelewa na picha za tawafu, Kaaba mkono wa kushoto, nikaenda kwa mazoea. Ama-la alicheka sana. Aliniambia wapo wanaozunguka kinyume, watu wa dini ya kale ya Bon, "lakini wewe si Bon."

Tasbihi zao zina punje 108. Nilihesabu ya Ama-la kwa macho wakati ananisimulia.

Siku ya pili, Jumanne

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa chini. Baridi ya kuvaa sweta, na moshi wa matawi mabichi ya mti wa milimani unaotoka kwenye tanuri jeupe, harufu yake iko kati ya ubani na mvinje uliokatwa sasa hivi. Ukuta wa duara chini ya stupa una vidaka 147, na kila kidaka kina magurudumu ya sala manne au matano, mapipa madogo ya shaba yenye maneno ya dua ndani. Unapita, unayasukuma kwa mkono wa kulia, yanalia *kri-kri-kri*. Waliotangulia wameyang'arisha kwa viganja vyao sehemu moja tu, ya chini, pale mkono unapofika.

Pembeni, kwenye mbao zilizolainika kama ubao wa kukunia, wanawake wanasujudu. Si sujudu ya kupiga magoti. Anasimama, anakutanisha viganja utosini, mdomoni, kifuani, anashuka, anateleza kwa mikono iliyovaa vitambaa hadi mwili mzima umelala chini, kisha anasimama. Mmoja alikuwa na kokoto kwenye kikombe, kila akisujudu anahamisha moja. Nilikaa karibu naye nusu saa. Kikombe hakikuisha, na mimi mgongo uliniuma kwa kumtazama.

Kisha nikaona nilichokuwa sijakielewa kwenye picha. Kwenye kuba jeupe kuna mapinde ya rangi ya manjano, moja juu ya jingine, nikidhani yamechorwa kwa brashi. Kumbe! Kijana alisimama juu, na ndoo ya maji ya zafarani miguuni. Akachota kwa chombo, akarudi nyuma hatua moja, akazungusha kiuno kama mtupa wavu, na maji yakaruka hewani yakatua kwenye chokaa kwa pinde moja safi. Petali la yungiyungi. Akasogea, akatupa tena. Familia iliyolipia rangi hiyo ilikuwa imesimama nyuma yake, viganja vimekutanishwa. Hiyo nayo ni sadaka. Mwenye nia ya mgonjwa, ya safari au ya marehemu hulipia stupa kupigwa chokaa na kumwagiwa zafarani, na ndiyo maana haichakai.

Usiku Ama-la akanipa chai ya siagi na chumvi. Naomba radhi kwa wenyewe, ile ni supu. Akanisimulia asili ya stupa kwa Watibeti.

Palikuwa na mwanamke fukara, mfuga kuku. Alizaa wana wanne na wanaume wanne tofauti, wote watu wa kazi zinazodharauliwa, akawalea kwa kuku wake, na akiba ikabaki. Akamwendea mfalme: nipe ardhi ya kutosha ngozi moja ya nyati, nijenge stupa. Mfalme akasema chukua. Mama akaikata ngozi ile nyuzi nyembamba, akaziunga, akazungushia uwanja wote huu. Matajiri wakachachamaa, mfuga kuku atatuaibisha! Mfalme akawajibu kwamba ruhusa imeshatoka mdomoni, hairudi. Kwa Kitibeti stupa inaitwa hivyo hadi leo, *Jarung Khashor*, kwa maana hiyohiyo. Nikamwambia Ama-la kwetu tunasema ahadi ni deni. Akarudia kwa Kiswahili mara mbili, *ahadi-ni-deni*, akaridhika.

Mama alikufa kabla ya kumaliza, wanawe wakamalizia. Siku ya kumaliza kila mmoja akaomba dua, na kwa dua zile wakazaliwa upya: mmoja Mfalme Trisong Detsen, mmoja Padmasambhava, mmoja abati Shantarakshita, mmoja waziri, ndio walioipeleka dini ya Buddha Tibet. Lakini tembo aliyebeba matofali alisahauliwa kwenye dua. Akaapa kwa hasira, naye akazaliwa tena akiwa Langdarma, mfalme aliyeivunja dini ileile.

"Ndiyo maana," Ama-la akasema, huku akinimiminia supu yake nyingine, "fundi akimaliza kazi hapa tunamshukuru kila mtu. Na punda."

Siku ya tatu, Jumatano

Asubuhi mvua ya ngurumo. Nilikaa kwenye baraza ya duka la thanka, picha za kidini za kitambaa, pamoja na muuzaji, Mnewari, ambaye hakutaka kusikia habari za mfuga kuku. Kwa Wanewari, wenyeji wa asili wa bonde hili, stupa inaitwa Khasti, na *khasu* ni umande. Yake ni hadithi ya mwana wa mfalme aliyemkata kichwa baba yake mwenyewe bila kumjua, usiku, penye mifereji ya maji iliyokauka. Kwa kafara ya dhambi hiyo akajenga stupa, na kwa kuwa nchi ilikuwa na ukame, watu walitandaza vitambaa usiku, wakavikamua alfajiri, wakachanganyia udongo kwa umande. Mwana huyo ni Manadeva, mfalme wa karne ya 5.

Hadithi mbili, jengo moja, na hakuna anayemkatalia mwenzake kuzunguka.

Mvua ilipokatika nikapanda kwenye vidato vya stupa. Mlango wa kupandia uko upande wa kaskazini, na hapo, kimebanana na ukuta, kuna kihekalu kidogo nilichokipita siku mbili bila kukiangalia. Leo palikuwa na foleni ya akina mama, watoto mgongoni na kiunoni. Unga mwekundu, maua ya manjano, mayai. Nikauliza ni nani.

"Ajima," dada mmoja akasema. Maana yake bibi, nyanya. "Bibi wa ndui."

Nilisimama pale kama niliyepigwa msumari. Miaka yote ninayochoma watoto sindano, ndui ni ugonjwa ninaoujua kwa vitabu na kwa makovu ya mikononi mwa wazee. Nepal ilipata mgonjwa wake wa mwisho mwaka 1975. Mgonjwa wa mwisho duniani wa ndui ya kuambukizwa kawaida alipatikana pwani yetu hii, Merca, Somalia, Oktoba 1977: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, aliyepona na uzeeni akawa anazunguka kuwahimiza wazazi wapeleke watoto chanjo ya polio. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Imekwisha, na bibi yake bado ana foleni!

Nikamuuliza yule dada: sasa ndui haipo, mnamletea mayai kwa nini? Akanitazama kwa huruma. Mtoto kuharisha je? Kikohozi je? Surua? Tetekuwanga? Mtoto anayelia usiku bila sababu?

Sikuwa na la kujibu.

Siku ya nne, Alhamisi

Nilitaka kumfuata Ajima kwao, na kila mtu alinielekeza Swayambhu, stupa ya mlimani upande wa magharibi wa mji. Ngazi 365. Nilihesabu hadi 140, nyani akanipokonya ndizi, hesabu ikapotea.

Simulizi ya huku ni kuwa bonde zima lilikuwa ziwa (wanajiolojia nao wanakubali) na katikati yake yungiyungi lililowaka lenyewe. Manjushri, mtakatifu wa hekima kwa Wabuddha, akaja kutoka kaskazini, akaupasua mlima kwa upanga pale Chobhar, maji yakatoka, yungiyungi likawa kilima hiki. Nyuma ya stupa pana mahali pa Manjushri. Wahindu humwona kuwa ni Saraswati, mungu wa elimu, na siku yake wazazi wa dini zote mbili huleta watoto waandike herufi za kwanza ukutani. Ukuta umejaa mwandiko wa watoto. Niliupenda kuliko dhahabu yote ya kileleni.

Hekalu la Ajima, hapa akiitwa Harati, lina mapaa ya dhahabu na liko hatua chache tu kutoka stupa. Habari yake: alikuwa zimwi, mama wa watoto 500, na chakula chake ni watoto wa wenzake. Buddha akamfichia kitinda mimba wake chini ya bakuli. Zimwi akalia, akazunguka dunia, akaja kwa Buddha. Buddha akamuuliza, wewe mwenye mia tano unalia hivi kwa mmoja, mwenye mmoja alieje? Akatubu. Lakini, akasema, mimi na wanangu tutakula nini? Akaahidiwa kuwa watawa watamtengea chakula kila siku, naye awe mlinzi wa watoto.

Ninavyoona mimi, hiyo ndiyo sababu amebanana na stupa namna hii. Yule Buddha wa ndani hana mlango, na mafundisho yake ni marefu, ya watawa na vitabu. Mama mwenye mtoto wa joto hana muda huo. Anamtafuta bibi aliyeko mlangoni, mwenye kula, mwenye hasira, mwenye kuelewa kilio. Sahani nilizoziona zilikuwa na wali uliopondwa, mayai, tangawizi, maharage meusi ya kukaanga, pombe kali kidogo, na samaki wadogo wakavu ambao mimi siwezi kuwaita jina jingine ila dagaa.

Kijana aliyekuwa akinitafsiria aliniambia wapo wanawake wa Kinewari ambao Ajima huwapandisha. Anatetemeka, sauti inabadilika, wagonjwa wanaulizia, anapuliza na kutoa mchele. Alinieleza kwa aibu kidogo, akitarajia nicheke. Kwetu Tanga nicheke nini? Nikamwambia tu tunavyofukiza udi mtu akipandisha, na kwamba kliniki yetu asubuhi huwapokea watoto waliolala kwa mganga.

Jengo jingine lilikuwa Shantipura, limefungwa kwa makufuli, macho yamechorwa juu ya mlango. Ndani, wanasema, bado yuko hai mcha Mungu wa zamani aliyeingia kutafakari, na funguo za mvua anazo yeye. Mwaka 1658, ukame ulipozidi, Mfalme Pratap Malla aliingia kumwomba, akatoka na mvua ikanyesha. Ni huyohuyo aliyejenga ngazi zile ndefu. Nilishuka nikimkumbuka kwa magoti yangu.

Siku ya tano, Ijumaa

Mchana niliulala wote, kwa amri ya Ama-la. "Leo usiku hutalala. Watamang wanakuja."

Watamang ni watu wa vilima vinavyozunguka bonde. Usiku wa kuamkia mwezi mpevu wa Chaitra, mwezi wa mwisho wa mwaka wao, familia zilizofiwa hushuka Boudha kuwawashia marehemu taa. Ni Temal Jatra, kwa jina la Temal, sehemu ya wilaya ya Kavre. Tangu alasiri mabasi yalikuwa yakishusha watu barabarani: wanawake wenye nguo zilizofumwa kwa mkono na vipini vikubwa vya dhahabu, wanaume wenye kofia, mablanketi, magunia ya mchele. Hadi magharibi huwezi kutupa kokoto bila kumpiga mtu.

Vibatari ni vikombe vidogo vya shaba au udongo. Utambi wa pamba unasokotwa baina ya viganja, unasimamishwa katikati, samli inamiminwa pembeni taratibu ili utambi usianguke. Zamani ilikuwa siagi ya nyati-maji na ya yak, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, sasa wengi wanatumia samli ya mafuta ya mimea ya dukani. Moto haujui tofauti, ila pua inajua. Kufika saa mbili usiku ukuta wa duara wote ulikuwa unawaka, na vijisanamu 108 vya Amitabha, mmoja wa Mabuddha, vilivyo chini ya kuba vilionekana vinapumua kwa mwanga. Nikayatazama macho ya juu. Kilele kile kilipasuka kwenye tetemeko la Aprili 25, 2015, kikashushwa na kujengwa upya kwa michango ya waumini na wenyeji, zaidi ya kilo 30 za dhahabu, kikafunguliwa Novemba 22, 2016. Mwezi ule, Aprili 2025, tetemeko lilikuwa linatimiza miaka kumi. Wengi waliokaa chini yake usiku ule walitoka wilaya ambazo tetemeko liliziporomosha.

Watawa wakisoma upande huu, waganga wa Kitamang wenye njuga wakiimba upande ule, na vijana wakipiga *damphu*, ngoma ya upande mmoja inayoshikwa kwa mkono. Ukifumba macho ni dufu. Nikayafumba. Kwa dakika moja nilikuwa Maulidi, Tanga, na mama yu hai.

Nilikaa karibu na bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa sekondari anayejua Kiingereza. Walikuwa na picha ya pasipoti ya kijana, imebandikwa kwenye kipande cha boksi. Bibi akanitazama uso, akauliza kitu. Mjukuu akaona haya kutafsiri.

"Anauliza kama wewe umefika Qatar."

Mwanawe alifia huko, kazini. Alikuwa amewaona Waafrika kwenye picha alizotuma. Nikasema hapana, sijafika, lakini mdogo wangu wa kike yuko Muscat, anafanya kazi za nyumbani, mwaka wa tatu sasa. Mjukuu akatafsiri. Bibi akanyamaza, akasokota utambi, akamimina samli, akawasha, akakiweka kibatari mbele yangu.

"Ni cha mdogo wako," mjukuu akasema. "Arudi."

Nilishtuka, lazima niseme kweli. Usiku wa marehemu, kumwashia mtu mzima wa afya? Nikamwomba amuulize bibi kama si mkosi. Bibi akajibu kwa ukali kidogo, akinyoosha kidole: vya wafu viko safu ile, hiki amekiweka safu hii, nisivichanganye.

Mimi ni Mwislamu, na kuwasha taa namna hiyo si ibada yangu, sikuwasha. Lakini upepo ulikuwa unavuma kutoka langoni, na kibatari kile kilikuwa pembeni. Nikakiwekea kiganja.

Siku ya sita, Jumamosi

Alfajiri waliondoka makundi makundi kwenda Balaju, kuoga kwenye mifereji 22 ya mawe, kisha wapande Swayambhu. Bibi alinialika. Miguu ilikataa. Nikawaona wakiishia langoni, mjukuu amebeba blanketi na boksi lenye picha.

Wafagiaji wakaanza kukwangua nta na masizi. Nikalala kwa muda wa saa tatu, nikaamka kufunga begi, na kabla ya kwenda uwanja wa ndege nikashuka kuzunguka mara ya mwisho, stupa mkono wa kulia, bila kukumbushwa na mtu.

Jumamosi ni siku ya mapumziko Nepal, na ni siku ya Ajima. Foleni ilifika kwenye magurudumu. Mbele yangu mama kijana, mtoto wa kiume mgongoni, mwaka mmoja na kidogo, wanja mzito machoni dhidi ya husuda. Zamu yake ilipofika aliweka yai na maua, akampaka mtoto unga mwekundu kwenye paji la uso. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili, akaigusisha kizingiti cha bibi, akaigusisha kichwa cha mtoto, akairudisha.

Sikuhitaji kusoma Kinepali. Miraba, mihuri, tarehe za mkono. Ilikuwa kadi ya chanjo.

Nikajitambulisha, muuguzi, kazi yangu ndiyo hiyo. Akafurahi, akaifungua tena tuitazame pamoja, tumesimama pale tumewazibia watu njia. BCG, ya kifua kikuu, ipo, polio ipo, zote zipo, isipokuwa mraba mmoja mtupu chini. Surua ya pili. Kwetu ni miezi 18, kwao 15.

Nikauweka kidole juu ya mraba ule.

"Mwezi ujao, *didi*," akasema, yaani dada. Akakigeuzia kihekalu kidevu. "Hata yeye nimemwambia."